Mlango Uliokataa Kufungwa

Mwaka mmoja katika Januari, mvua za Likasi zikiwa zimekolea, mlango wetu ulikataa kufungwa. Tukamwita seremala, naye bila kuuliza neno akautoa bawabani, akaupiga randa hata ukaingia. Tulimlipa kwa furaha. Ilipofika Agosti, vumbi jekundu lilipita ubavuni mwake, na komeo halikufikia tena tundu lake. Mwizi angaliweza kuusukuma kwa kidole. Kosa lilikuwa letu pia. Tulikata daima kitu kilichovimba kwa miezi michache tu.

Mti una maji ya namna mbili. Mengine hukaa katika vitundu vya ndani. Yakitoka, ubao hupungua uzito, si upana. Mengine yameshikamana na kuta za nyuzi zenyewe. Hayo yakianza kutoka, unyevu ukishuka chini ya kadiri ya 30 kwa 100 ya uzito wa mti mkavu, ndipo ubao hunywea. Na hata ukiisha kukauka hautulii: masika hunywa unyevu wa hewa, na kiangazi, tangu Mei hata Septemba, huurudisha.

Tena haunywei sawasawa. Kwa urefu, karibu si kitu. Kwa upana, ubao uliopasuliwa kufuata duara za mti hunywea kama mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea moyo. Ndiyo sababu mbao hupinda mfano wa kigae. Mulombwa, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita mninga, hupendwa kwa kuwa hunywea kidogo sana. Mikalitusi haina adabu hiyo.

Huko pwani, kuvimba ni msaada: mbao za jahazi zilizokauka juani hukazana tena zikikaa majini. Bali aloweshaye nyundo ili mpini ukaze hujidanganya. Mti uliobanwa na chuma ukivimba hauna pa kwenda; nyuzi zake husetwa, na ukikauka huwa mwembamba kuliko jana. Afadhali kabari kavu.

Basi, mwenye kununua meza ya arusi aulize kwanza mbao zilikauka muda gani. Ubao wa sentimita 2 na nusu huhitaji karibu mwaka mzima kivulini, umepangwa juu ya vijiti ili hewa ipite. Uso mpana ukipigiliwa misumari kila upande utapasuka, kwani hauna nafasi ya kujongea. Rangi nayo huchelewesha unyevu, haiuzuii, na mafundi wengi (tumewachungulia!) hawapaki ukingo wa chini wa mlango, mahali panapokunywa maji kuliko pote.

Mlango wetu tuliuongezea ufito wa mulombwa mkavu mwezi wa Septemba, tukaacha mwanya wa unene wa sarafu. Januari iliyofuata uligusa mwimo kidogo, ukafungwa.