CHETI CHA UKUTANI HAKIZIMI MOTO



Wazee wetu wa Usukuma walipigania mizani. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi, mnunuzi akaisoma mizani peke yake, akataja uzito uliompendeza yeye, na mkulima akarudi nyumbani na senti pungufu. Wazee hawakukaa wakilia. Waliweka wapimaji wao wenyewe, watu waliojua kusoma namba, wakasimama kando ya mizani. Katika dai hilo, ambalo wakubwa wa siku zile waliliona dogo, ndimo vilimokua vyama vya ushirika chini ya Paul Bomani na wenzake, vikaungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation, hata ushirika ukaja kumiliki vinu vya kuchambua pamba. Wazee walijua neno moja: kipimo kinachosomwa na upande mmoja ni mlango wa wizi.

Leo twataka kusema juu ya kipimo kingine kinachosomwa na upande mmoja. Nacho ni cheti cha usalama wa jengo.

Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na makao yake makuu ni Bariadi. Sensa ya 2022 ilituhesabu kuwa zaidi ya milioni 2. Sisi ndio tunaoongoza nchi nzima kwa pamba. Tuna vinu, maghala, mitambo ya kukamua mafuta, nyumba za wageni na maduka. Maswa wamejenga kiwanda cha chaki. Haya yote twayafurahia, maana nchi isiyo na viwanda hubaki shamba la wengine. Lakini twauliza: katika kila jengo hilo, ni nani aliyepanda kutazama paa? Ni nani aliyejaribu mlango wa nyuma akaona kama unafunguka?

Mtu asituambie kwamba sheria hakuna. Zipo. Anayetaka kujenga mjini sharti apeleke michoro halmashauri na apate kibali cha ujenzi kabla ya kuchimba msingi. Wahandisi, wabunifu wa majengo na makandarasi wana bodi zao za usajili. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni ya mwaka 2007, na chini yake majengo hukaguliwa na kupewa cheti kinachohuishwa kila mwaka. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, iliyofuta sheria ya viwanda tuliyoachiwa na wakoloni, inamtaka mwenye kazi aandikishe mahali pake pa kazi, naye mkaguzi wa OSHA ana mamlaka ya kuingia, kutazama na kusimamisha. Basi upungufu wetu si karatasi. Upungufu wetu ni macho.

Maana kuna vyeti vya namna mbili. Kimoja hutolewa baada ya mtu kupanda ngazi, kugonga nguzo, kufungua sanduku la umeme na kupima upana wa mlango. Kingine hutolewa baada ya mtu kulipa. Vyote viwili vina muhuri mmoja, na vikitundikwa ukutani hufanana kama mapacha. Moto ndio hujua kuvitofautisha.

Na moto wa pamba, ndugu zetu, una hila. Jiwe dogo au kipande cha chuma kikiingia pamoja na pamba mbegu, kikagongana na misumeno ya kinu, hutoa cheche. Cheche ikishika nyuzi, nyuzi hizo zikashindiliwa ndani ya robota, moto hukaa humo ukifuka siku kadhaa bila kuonekana, mpaka upate hewa ghalani. Vumbi la pamba nalo hulala juu ya boriti, juu ya taa na juu ya waya, likingoja. Kwa hiyo mkaguzi wa kinu asiyetazama juu ya boriti hakukagua kitu.

Wako mabwana wanaosema: ukaguzi mwingi utawafukuza wenye mitaji. Twawajibu kwa yaliyotokea. Tarehe 29 Machi 2013, katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa lilianguka, likaua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara la Kariakoo lilianguka asubuhi, likaua watu zaidi ya 20, wengi wao wachuuzi na wateja waliotoka nyumbani asubuhi kutafuta riziki. Je, mtaji ulinusurika siku hizo? Mtaji ulifukiwa pamoja na watu. Ukaguzi haumfukuzi mwekezaji. Anayefukuzwa na ukaguzi ni yule aliyekuja kuwekeza maisha ya wengine.

Wako tena wanaosema: mlango wa nyuma tumeufunga kwa kufuli kwa sababu wafanyakazi wataiba. Maneno hayo si mageni duniani. Mwaka 1911 katika mji wa New York mlango wa kiwanda cha nguo ulifungwa kwa sababu hiyo hiyo, moto ukawaka, wakafa wafanyakazi 146, wengi wao wasichana. Na mwaka 2013 huko Bangladesh, katika jengo la Rana Plaza, nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa chini ikawarudisha watu wake nyumbani. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo wakaamriwa kurudi kwenye mashine, na jengo likawaangukia. Wakafa zaidi ya 1,100. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wale hawakupewa hata nafasi ya kujenga ukuta.

Kwa mtumishi aliyepewa kazi ya ukaguzi tuna neno fupi. Ukifika kiwandani ukauliza risiti kabla ya kuuliza ngazi, wewe si mkaguzi, wewe ni mtoza ushuru. Mshahara wako ni jasho la kabwela yule yule anayelala na kuamka chini ya lile paa. Na wewe ukikagua kwa haki, ukafunga jengo bovu, kisha mwenye fedha akakimbilia kwa wakubwa ili ulifungue, jua kwamba sisi tu upande wako.

Tena tusiwatazame wenye vinu peke yao. Maghala ya vyama vya msingi, masoko ya halmashauri, ofisi za umma na majengo ya chama chetu yakaguliwe kwanza, tena mbele ya watu. Anayetaka kuamuru jirani asafishe uwanja sharti awe na ufagio mkononi. Tukijipa msamaha sisi, mwenye kinu atauliza kwa nini yeye asisamehewe, na hatutakuwa na jibu.

Basi twadai mambo manne. Kwanza, kila kinu na kila ghala la pamba likaguliwe kabla ya msimu wa ununuzi kufunguliwa, si baada ya marobota kujaa hata mlango hauonekani. Pili, cheti kiwekwe langoni, kiandikwe kwa Kiswahili, kitaje tarehe ya ukaguzi, mtu aliyekagua, mambo aliyoyaona na yaliyoamriwa kurekebishwa. Tatu, wawakilishi wa usalama wa wafanyakazi, ambao sheria inawatambua, watembee pamoja na mkaguzi tangu mlango wa mbele mpaka wa nyuma, na asifukuzwe kazi mtu kwa kuonyesha ufa. Nne, wilaya zote, Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, ziwe na vifaa vya kuzima moto na watu waliofundishwa kuvitumia, maana gari likitoka Bariadi kwenda Mwanhuzi moto hausimami kulingoja.

Nawe mwanachama, usingoje mkutano mkuu. Wiki hii, mahali unapofanya kazi au unapouza pamba yako, tazama mambo matatu: mlango wa pili uko wapi, je unafunguka, na mtungi wa kuzimia moto ulijazwa lini. Ukikuta kufuli, sema. Ukikuta ufa, peleka habari halmashauri kwa maandishi, nakala ibaki tawini. Moto ukizuka, namba ya Zimamoto ni 114. Wafundishe na watoto.

Wazee wetu walisimama kando ya mizani mpaka mnunuzi akasoma sawasawa. Hawakuwa na bunduki wala shahada. Walikuwa na macho, na walikataa kuyafumba. Sisi tulio na uhuru, tulio na sheria zetu wenyewe kwa lugha yetu wenyewe, tutajibu nini tukishindwa kusimama kando ya mlango?