Karo lisilojaa linapeleka wapi uchafu?

Familia nyingi zinazojenga pembezoni mwa Dar es Salaam hukaa kikao kujadili vigae na rangi ya sebule. Karo huachiwa fundi. Naye, akitaka kumfurahisha mwenye nyumba, husema: “Hili mama, miaka kumi halijai.” Wote wanafurahi, kazi inaendelea.

Msomaji wangu, uliza swali moja tu: kama halijai, uchafu unakwenda wapi? Mara nyingi chini hakukusakafiwa, hivyo kila kitu kinazama ardhini, kuelekea maji yale yale tunayoyachota kisimani.

Karo lenyewe hutuamisha uchafu mzito. Kinachosafisha maji yanayotoka humo ni udongo. Yakipita taratibu kwenye udongo usioloa, vijidudu vingi hunaswa na kufa. Mchanga mtupu huyapitisha haraka mno. Mfinyanzi huyakataa, yakarudi kutuama uani. Na kwenye maweni, kama mashariki ya Unguja, nyufa za mawe huyasafirisha mbali bila kuyachuja.

Kabla ya kujenga, pimeni. Pale yatakapotolewa maji ya karo, chimbeni kishimo cha futi moja, kijazeni maji na mkiache kilowe usiku kucha. Asubuhi jazeni tena, shika saa. Maji yakishuka inchi moja kwa chini ya dakika moja, udongo unapitisha kupita kiasi. Yakichukua zaidi ya saa nzima, hautafaa. Hapo ni heri karo lililozibwa pande zote, na bajeti ya gari la majitaka iwekwe mapema.

Shimo la kunyweshea maji likae angalau mita 30 kutoka kisimani, chako au cha jirani, na chini yake pabaki mita moja na nusu kabla ya kufikia maji ya ardhini. Pimeni wakati wa masika, maji yanapopanda.

Usijifariji kwamba unachemsha. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini hakuondoi naitreti itokayo kwenye majitaka, ambayo ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo.

Baba na mama, kikao kijacho anzeni na karo. Vigae vitasubiri. Na mwenye kisima cha jirani mwiteni naye, maana maji ya chini hayajui mpaka wa kiwanja.