Kitufe kati ya fundi na mtangazaji

Kipindi cha simu kiko hewani, msikilizaji anaanza kutukana kabila la mwenzake. Fundi, nyuma ya kioo, anapunga paka mikono. Mtangazaji anaangalia karatasi yake. Kwetu Lubumbashi hiyo si mchezo. Mwaka 1992 na 1993 maneno ya wanasiasa juu ya Wakasai yaliishia na watu kufukuzwa Katanga. Tena CSAC inaweza kufunga redio.

Njo maana ule waya wa kusemeshana si pambo. Fundi anafinya kitufe, sauti yake inaingia katika kaske ya mtangazaji peke yake, haiendi antena. Meza nyingi za redio zina njia hiyo tayari. Mtangazaji naye apewe kitufe cha kukata simu mwenyewe.

Kiisha kuna taa nyekundu. Mikro ikifunguliwa, meza inafunga swichi ndogo, bafle zinanyamaza, taa inawaka. Lakini swichi ile ni ya umeme kidogo: ukipitisha pale volti 220 za SNEL bila rele, unaunguza meza.

Wakubwa wa redio wanaomba kwanza emeta kubwa. Mimi ningeanza na kaske, vitufe viwili na mita chache za waya.