Tusimhukumu Mgonjwa Anayepima Njia



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili nakemea, nami nikiwa miongoni mwa wanaokemewa. Twaenda kumjulia hali mgonjwa mwenye kisukari, shinikizo la damu na figo zilizoshindwa kazi. Twasali, kisha twamwachia hukumu. Mmoja humwambia: "Kwa magonjwa yote hayo, figo ya mtu itapotea bure." Mwingine humwambia: "Ukikataa kupandikizwa, umekata tamaa na kumkosea Mungu." Kauli zote mbili si za kweli.

Kwanza, wingi wa magonjwa peke yake haufungi mlango. Kwa miaka mingi mwenye virusi vya UKIMWI aliyeharibikiwa figo alinyimwa nafasi hiyo. Lakini mwaka 2008, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Dkt. Elmi Muller alianza kuwapandikiza wagonjwa hao figo za marehemu waliokuwa na virusi hivyo hivyo, nazo zikafanya kazi. Nasi Tanzania tunapandikiza figo tangu mwaka 2017, pale Muhimbili. Kama moyo na mishipa ya mgonjwa vitahimili upasuaji, atasema daktari aliyempima, wala si jirani aliyeketi sebuleni.

Pili, figo mpya haiondoi kisukari. Dawa za kuuzuia mwili usiikatae hunywewa maadamu figo hiyo inafanya kazi. Hupunguza kinga, na baadhi yake hupandisha sukari na shinikizo la damu. Papa Pius XII aliwafundisha madaktari mwaka 1957 kwamba kwa kawaida mtu halazimiki kutumia njia zisizo za kawaida ili kuhifadhi uhai wake. Basi aliyepima mzigo na tumaini, akachagua kuendelea kusafishwa damu kwa mashine, hajajiua. Naye aliyechagua kupandikizwa hajamjaribu Mungu: Mtakatifu Yohane Paulo II, akihutubia wataalamu wa upandikizaji mjini Roma mwaka 2000, alikuita kutoa kiungo tendo la kweli la upendo. Na upendo haulazimishwi. Ndugu aliyeshindwa kutoa figo asitengwe na ukoo.

Tukienda kwa mgonjwa juma hili, tumwulize: "Daktari amekueleza nini? Wewe mwenyewe wahofia nini?" Kisha tunyamaze, tumsikilize. Tukiisha kumsikiliza, tumchangie nauli ya kliniki.

Mungu awabariki.