Kelmis, Mji Uliokaa Miaka Mia Bila Mfalme

Mashariki ya Ubelgiji, karibu sana na mpaka wa Ujerumani, upo mji mdogo uitwao Kelmis. Wasemao Kifaransa huuita La Calamine. Umo katika jimbo la Wallonia, ambako wengi husema Kifaransa, lakini lugha ya wenyeji wake ni Kijerumani. Ni nchi ya vilima, malisho na misitu, na mto Göhl hupita kati yake.

Sifa ya mahali hapo yatokana na mawe yenye madini ya zinki yaliyokuwa chini ya ardhi. Mwaka 1806 Jean-Jacques Dony, mtu wa Liège, alipewa na Napoleon ruhusa ya kuyachimba, naye akavumbua njia ya kupata zinki safi. Ndiyo zinki ipakwayo juu ya mabati ya kuezekea nyumba yasishikwe na kutu.

Napoleon aliposhindwa mwaka 1815, washindi waligawana nchi upya. Uholanzi iliutaka mgodi huo, na Prussia iliutaka vilevile, wala hapana aliyekubali kumwachia mwenziwe. Basi katika mkataba wa Aachen wa mwaka 1816 wajumbe walikata shauri kwamba kipande kile cha pembetatu, ambacho ukubwa wake ni kilomita za mraba tatu na nusu hivi, kisiwe cha huyu wala cha yule mpaka watakapopatana. Kilikuwa na watu 256, nao hawakuulizwa neno.

Jambo lililowekwa kwa muda likadumu zaidi ya miaka mia. Baada ya mwaka 1830 Ubelgiji ilishika mahali pa Uholanzi. Makamishna wawili, mmoja wa kila upande, ndio waliomchagua meya, na sheria zikabaki zile za Napoleon. Kodi ilikuwa nyepesi na bidhaa rahisi; tena kwa muda mrefu vijana hawakuchukuliwa jeshini. Si ajabu kwamba watu walimiminika, hata kufikia mwaka 1914 walikuwa wamepita 4,000. Lakini raha hiyo ilikuwa na bei yake, maana mwenyeji hakuwa raia wa nchi yoyote, wala mji haukuwa na mahakama yake.

Kufikia mwaka 1885 mawe yalikwisha. Kilichogombewa hakikuwapo tena, na mpaka ukabaki! Mganga mmoja, Wilhelm Molly, alitaka mji uwe dola ya watu wa Kiesperanto. Mwaka 1908 likatangazwa jina lake, Amikejo, maana yake mahali pa urafiki. Ndoto hiyo haikufika mbali. Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yaliingia, na mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaipa Ubelgiji mji huo. Mwaka 1940 Ujerumani iliunyakua, na vijana ambao baadhi ya babu zao hawakumtumikia mfalme yeyote wakaingizwa kwa nguvu katika jeshi la Hitler. Ulirudi Ubelgiji mwaka 1944.

Mwaka 1977 Kelmis iliunganishwa na Neu-Moresnet na Hergenrath kuwa manispaa moja, yenye kilomita za mraba 18 hivi. Mawe mengi ya mpaka wa zamani yangali yamesimama msituni, na karibu na machimbo huchanua ua dogo la manjano liwezalo kuota katika udongo wenye zinki, ambao mimea mingi haiustahimili.