Abiria si Mzigo



Anayezijua njia za Uwemba wakati wa mvua anajua maana ya kukanyaga kwa tahadhari. Hata hivyo mama hupita humo akiwa na ndoo ya maji kichwani na mtoto mgongoni, nasi tumezoea kumtazama bila kustaajabu.

Wataalamu walistaajabu. Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya. Wanawake hao walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu.

Lakini ndoo haina matakwa yake. Mtoto huamka, hurusha miguu, hugeuka ghafla amtazame mbuzi. Ndoo ni mzigo; mtoto ni abiria.

Tofauti hiyo imewatoa jasho wahandisi wa roboti zinazotembea kwa miguu miwili. Tangu mwaka 1968 Miomir Vukobratović wa Belgrade alionyesha kwamba ipo nukta ardhini ambapo uzito na msukumo wote wa mwendo hukutana. Ikibaki ndani ya eneo la nyayo zinazokanyaga, mashine husimama imara. Ikifika ukingoni, mashine huanza kupinduka. Roboti ikitembea peke yake, hatua zake huweza kupangwa mapema. Akipanda mtu, kila anapoinama au kukohoa nukta ile husogea.

Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Waseda cha Japani kilitoa WL-16, kiti cha miguu miwili chenye kumbeba mtu mzima. Katika utafiti uliofuata, wataalamu wake waliweka chini ya kiti kifaa cha kupima nguvu. Abiria akijitikisa, mashine huhisi, nayo hurekebisha mwendo wake. Hawakutegemea abiria akae kama gunia.

Mashine za namna hiyo bado ziko mbali nasi. Ile ya Toyota iliyoonyeshwa Aichi mwaka 2005 ilikuwa na kilo 200, na abiria wake hakupaswa kuzidi kilo 60. Hatuzibezi, kwa maana kiti cha magurudumu hukwama penye ngazi na tope, na huko milimani mgonjwa bado hubebwa mabegani.

Ila somo lake halingoji mashine. Kwa maoni yetu, uhodari wa mbebaji haumo katika nguvu za miguu tu, bali katika kumhisi anayebebwa. Ni mara ngapi tumemwinua mzee juu ya machela tukimwamuru atulie, pasipo kumwuliza anaumia wapi? Safari ijayo, mmoja wetu atembee karibu na kichwa chake, amtazame usoni. Naye akisema "simameni", wote tusimame.