Ulizia jaketi kabla boti haijaondoka

Vijana wenzangu, juzi jamaa mmoja hapa kambini alinionyesha kwenye simu picha ya meli ya kitalii, ghorofa juu ya ghorofa, akasema eti hii haiwezi kuzama. Nikacheka. Costa Concordia nayo ilikuwa hivyohivyo. Usiku wa 13 Januari 2012 iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,000. Walikufa 32, na nchi kavu ilikuwa pale tu.

Kinachoniuma si mwamba. Mamia ya abiria waliopanda siku ileile walikuwa hawajaonyeshwa waende wapi hatari ikitokea, maana sheria iliruhusu kungoja hadi saa 24. Amri ya kuihama meli ikachelewa zaidi ya saa nzima! Nahodha alihukumiwa miaka 16. Tangu 2015 mafunzo hayo ni kabla meli haijaondoka, au mara tu inapoondoka.

Sasa sisi. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, Goma, watu wa ufukweni wanaangalia. Barabara vita iliikata, wangepita wapi? Halafu tunasema ni mapenzi ya Mungu. Hapana bwana, boti ilijazwa kupita kiasi, na aliyeijaza ni mtu.

Mama mdogo bado anavuka ziwa na magunia yake. Akiulizia jaketi wanamcheka: "Mama, unaogopa maji?" Nimemwambia aendelee kuulizia, wacha wacheke.